Rangi ya Mafuta kwenye Dari ya Damaris

Upepo wa Desemba hapa Barranquilla hauna adabu. Unavua watu kofia, unaanua nguo za huyu na kuzianika kwa jirani, na siku Damaris Pertuz aliponunua mikanda ya urembo wa dari, ulitaka kuondoka nayo yote. Mikanda yenyewe ilikuwa ya foamu nyeupe, ile ile ya maboksi ya samaki na barafu, ila hii ilikuwa imechongwa maua na majani, mirefu kumzidi mwenyewe, na haina uzito wowote. Alikuwa ameifunga kamba na kuiweka begani, na kila alipofika njia panda upepo ulimzungusha akajikuta anatazama alikotoka. Kwenye kona ya duka la mikate mkanda mmoja ulichomoka ukaruka ukuta wa shule, na wazee wa heshima waliokuwa wakinywa kahawa barazani waliacha vikombe wakaukimbilia. Waliurudisha ukiwa mzima. Damaris aliwashukuru huku anacheka mpaka machozi yanamtoka, akawaalika wote waje kwake jioni ya kwanza ya novena, zile sala za siku tisa kabla ya Noeli, waione mikanda hiyo ikiwa juu mahali pake.

Wazee wakatazamana. Kila mtaa una mtu wake wa "bado", na mtaa ule mtu wa bado alikuwa yeye. Kila mwaka, zamu za novena ya Noeli zilipogawanywa, leo sala kwa huyu, kesho kwa yule, Damaris alikuwa akiomba asamehewe mpaka mwakani kwa kuwa nyumba haijaisha. Kusali alikuwa anakwenda kwa wenzake, na maandazi ya jibini alikuwa anapeleka, tena matamu, ila mlango wake haukuwahi kufunguliwa novena hata mara moja. Mwaka huu alisimama mwenyewe nje ya kanisa akasema jioni ya kwanza ni yake. Dada yake mkubwa, Etilvia, ambaye ndiye huongoza sala mtaani na ulimi wake haupumziki hata katikati ya Salamu Maria, alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Damaris ni mkaanga arepa, vile vimkate bapa vya unga wa mahindi. Asubuhi, kabla jua halijakasirika, huwa ameshainjika karai lake kwenye kona, anapasua arepa, anatia yai bichi ndani, anairudisha kwenye mafuta, na madereva, walimu na wauguzi wanapanga foleni bila kusukumana, kwa sababu anayesukuma huhudumiwa mwisho. Kazi hiyo aliianza akiwa msichana, alipokuwa akiishi na mwanamume aitwaye Euclides katika nyumba ya akina Euclides. Aliifagia nyumba ile, aliipaka chokaa, alipanda maua mbele yake, mpaka siku walipokosana na Euclides akamwambia achukue kilicho chake atoke. Damaris alitazama huku na huku. Kilichokuwa chake ni karai. Alitoka nalo mchana kweupe, bado linanuka mafuta, na majirani wanamtazama.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Damaris alinunua kipande cha ardhi mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yanapita yanavyotaka, akasimamisha kibanda cha mbao na bati, na haba na haba mbao zikageuka matofali. Kuna ukuta pale uliojengwa na arepa za Kwaresima, na kuna dirisha lililolipwa na kanivali nzima. Akaapa kwamba mwanamume hatalala chini ya bati lake mpaka nyumba iishe, na iwe yake kuanzia msingi mpaka dari, ili siku ya kuambiana "toka" ijulikane mapema ni nani wa kutoka.

Halafu akatokea Rosember Cantillo. Huyu ni mchoraji wa pikó, yale maspika makubwa kuliko kabati ambayo wenyewe huyapanga barabarani Jumamosi na kuyapiga mpaka sahani zinacheza jikoni. Pikó isiyochorwa ni sanduku tu. Ikishapita mikononi mwa Rosember inakuwa na chui, na joka la moto, na mwanamke mwenye mbawa, kwa rangi kali ambazo utaziona hata ukifumba macho. Alikuja mara ya kwanza kumchorea Damaris kibao cha biashara, akamchorea arepa yenye taji la kifalme, na tangu siku hiyo kila jioni huja na shati lililopigwa pasi, hukaa barazani kwake, na wataongea mpaka mbu wawashinde. Ndani hakuwahi kuingia. Kila Desemba alimwomba wafunge ndoa, na kila Desemba alijibiwa kwa upole kwamba nyumba bado. Mwaka mmoja ilikuwa bado sakafu. Mwaka mwingine mlango wa choo. Halafu dari. Etilvia alimwambia mdogo wake kwamba ni kweli mvumilivu hula mbivu, lakini huyu ataikuta imeoza.

Sasa dari ya jipsam ilikuwa imeshapigwa, nyeupe, imenyooka, au angalau ilionekana imenyooka ukiwa chini. Kilichobaki ni mikanda ya kuzunguka pale dari inapokutana na ukuta, na Damaris aliamua kwamba hicho ndicho cha mwisho. Alimwambia Rosember barazani, macho yake yakiwa ndani ya kikombe.

"Mkanda wa mwisho ukikauka rangi, nitakujibu."

"Utanijibu nini?"

"Kama ningeweza kusema sasa hivi, Fundi, ningengoja rangi ikauke ya nini?"

Rosember akaomba kazi hiyo aifanye yeye, bure, kwa mikono yake. Damaris alisita kidogo kisha akakubali, maana fundi aliyekuja kazini hahesabiwi kuwa ameingia nyumbani. Hiyo ilikuwa sheria yake, na kwa kuwa alijitungia mwenyewe, alijua pia matundu yake yako wapi.

Kubandika kulikwenda kama sherehe. Rosember juu ya ngazi, Damaris chini anampa vipande vilivyokwisha kupakwa gundi, na vipunje vya foamu vinaruka kila mahali hata vikawakaa kwenye nyusi. Damaris alirudi nyuma mpaka mlangoni kutazama, moyo ukamjaa. Kulikuwa na maua darini kwake. Hakuna aliyempa. Aliyapandisha mwenyewe, na alitamani marehemu mama yake angekuwapo ayaone.

Ikabaki rangi. Mtaani kwetu Desemba kila nyumba hupakwa rangi, kwa sababu mwaka mpya haupokelewi kwa ukuta wenye sura ya mwaka jana, na kwa siku hizo mtu asiye na madoa kwenye kiwiko huonekana mvivu. Wengi hutumia rangi ya maji. Lakini kwa Rosember rangi ya maji ni uji. Maisha yake yote amepaka mbao za pikó kwa rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa thina, rangi inayong'aa, inayostahimili mvua, jua na bia za walevi. Kumpakia Damaris uji darini, siku kama hiyo, yeye angeona ni kumtukana. Akaja na kopo lake bora la nyeupe ya mafuta, akaizimua na thina kwa ukarimu ili iingie vizuri kwenye mikunjo ya kila ua. Damaris aliisikia harufu akiwa jikoni, na badala ya kushtuka akafurahi, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya shati la Rosember na ya jioni zao zote za barazani.

Thina na foamu hazijawahi kupatana. Rosember alianzia juu ya mlango, pale mgeni anapotazama kwanza, na kwa dakika chache mkanda uling'aa kama meno ya bibi harusi. Akaimba. Akasogeza ngazi, akaendelea. Ndipo akasikia nyuma yake mchirizo mdogo, kama wa mafuta ya moto yanapodondokewa na maji. Aligeuka akaona ua moja limeinamisha kichwa. Alidhani rangi haikutosha, akaongeza. Ua likazama. Majani yakakunjamana, vishimo vikafunguka, na kadiri alivyozidi kupaka ili kuficha ndivyo mkanda ulivyozidi kuliwa, mpaka sehemu yote ya juu ya mlango ikawa kama imetafunwa na mbuzi.

Damaris alitoka jikoni na kahawa mbili. Alisimama. Kahawa zikaanza kupoa mikononi mwake.

"Shuka, Fundi."

"Nirekebishe kidogo tu hapa..."

"Shuka."

Alishuka. Alisema atatafuta mikanda mingine, na wote wawili walijua kwamba haipo, kwa kuwa fungu lile lilikuwa la mwisho dukani na Desemba haitoi la pili. Rosember aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba amejiharibia mwenyewe. Damaris alimwambia aende nyumbani, na akaenda, akiacha mlango wazi kwa woga hata wa kuufunga.

Etilvia alifika kabla harufu haijatoka. Alitazama juu, akajipiga alama ya msalaba.

"Dari imepata ndui," alisema.

"Dada, usianze."

"Sianzi, namalizia. Ulimwomba Mungu akuongezee muda, kakuongezea."

Damaris alilia, na kilio chake kilikuwa cha hasira zaidi ya huzuni. Alimkasirikia Rosember, alimkasirikia aliyebuni thina, alijikasirikia yeye kwa kupumbazwa na harufu. Lakini katikati ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine kidogo, kimejibanza, kinachofanana na nafuu. Rangi haijakauka. Hakuna jibu la kutoa. Alikiona kitu hicho, akaona aibu, akakigeuzia mgongo.

Kesho yake, alipokwisha kuuza arepa ya mwisho, alizunguka mtaani kuomba mabaki. Huyu alimpa kopo la nusu la rangi ya maji nyeupe, yule puti, mwingine kipande cha msasa, na kila aliyetoa alitaka kuja kuiona ndui, maana Etilvia alikuwa ameshaitangaza. Damaris aliwafungia mlango. Akafunga kanga kichwani, akapanda ngazi peke yake, akaanza kukwangua na kuziba vishimo kwa kidole.

Ukiwa juu ya ngazi nyumba ni nyingine. Ule ukuta wa arepa za Kwaresima, ambao kwa miaka yote aliuona umesimama wima kama askari, kumbe umelalia upande wa barabarani. Dirisha la kanivali lilikuwa limekaa mshazari. Hata dari, pale kwenye kona, ilikuwa imeshuka kidogo kama mtu aliyechoka kiuno. Aliishi humo muda wote akiwa hajui, na wala hakuumia. Akaendelea kuziba. Mkono ukifanya kazi kichwa hutembea, na kichwa chake kikamwambia: hii ikiisha, bado vigae vya jikoni. Huwezi kusema nyumba imeisha na jikoni hamna vigae.

Mkono ukasimama hapo hapo.

Wazo lile hakuliita. Lilikuja lenyewe, limeshavaa na kuchana nywele, na nyuma yake aliliona geti linasubiri zamu, na nyuma ya geti ghorofa. Mikanda ingepona, ingekauka, ingeng'aa, na Rosember angekuja barazani na shati lake la pasi akaambiwa habari za vigae. Damaris alianza kucheka. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika, akakumbatia ukuta uliopinda ili asianguke. Nyumba haikuwa na kosa lolote. Siku zote alilokuwa analiogopa ni lile neno "toka", na neno hilo halizuiwi na kigae. "Nilikuwa naogopa," aliuambia ukuta, kwa sauti, na kusema hivyo kulimfanya mwepesi.

Alishuka akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya Rosember, mchana wa jua kali, puti kwenye nywele na kanga imepinda, akipita mbele ya wale wazee wa duka la mikate. Rosember alikuwa amekaa mbele ya pikó mpya akimchora chui. Chui alikuwa na masharubu marefu yaliyolegea na macho yaliyojaa maji.

"Chui wako ana nini?" Damaris aliuliza.

"Kafiwa."

Damaris aliuma mdomo ili asicheke. Rosember alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema maneno ambayo ilionekana ameyapanga: kwamba nyumba ile aliijenga mwanamke kwa jasho lake, yeye akaja kuiharibu kwa siku moja, na mtu wa namna hiyo hana uso wa kukaa barazani kwake tena.

"Uliiharibu, ndiyo," Damaris alisema. "Na kona za juu mimi sizifikii. Njoo umalize kazi. Ila hiyo thina yako iache hapa hapa na marehemu wa chui."

Walipaka pamoja, kwa rangi ya maji. Rosember aliichota kwa brashi na kuitazama inavyodondoka, akauliza kama atie na sukari. Damaris alimwambia anyamaze apake. Foamu iliipokea rangi ile kwa amani, tabaka la kwanza, la pili, na pande zote za chumba zikatoka nyeupe laini kama alivyoziota. Juu ya mlango tu ndipo paligoma. Puti ilikuwa imeziba vishimo, lakini maua hayakurudi, yakabaki manundu, hili kubwa hili dogo. Rosember aliyatazama kwa muda mrefu, kichwa upande, kisha akaomba ruhusa. Alimwomba kwa adabu sana, kama anaomba kuingia kanisani. Damaris akaitoa. Basi kwa brashi nyembamba na rangi zake kali, za maji safari hii, kila nundu akaligeuza kuwa kitu: hili pera, lile kasuku, lingine papai lililokatwa, mpaka juu ya mlango pakawa na makelele matupu katikati ya weupe wote ule. Damaris alitaka dari ya matajiri tangu ujana wake. Alitazama yale makelele akaona anayapenda kuliko ile aliyoitaka.

Jioni ya novena mtaa wote ulikuja, kwa sala na kwa udaku. Watoto na manyanga yao, akina mama na sahani za natilla, ule uji mzito mtamu wa maziwa wa Noeli, wazee wa duka la mikate wakiuliza ni mkanda upi ule walioukimbiza. Chumba kilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Hori la Noeli lilipangwa vizuri pembeni, na hakuna aliyelitazama. Kila mtu alisali akiangalia juu, na mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kasuku yule anaitwa nani. Rosember alikuwa nje barazani. Kazi ilikuwa imekwisha na fundi hakuwa na sababu tena ya kuwa ndani, na yeye sheria ile aliiheshimu kuliko aliyeitunga.

Sala ilipoisha Etilvia alifunga kitabu chake. Angeweza kuanzisha wimbo. Badala yake akatazama dari, akatazama mlangoni, akamtazama mdogo wake.

"Haya, Damaris. Wenzio tunataka kujua. Nyumba imeisha au haijaisha?"

Hapakuwa na mtu pale asiyejua maana ya swali lile. Barazani kiti cha Rosember kiliacha kubembea.

Kusema imeisha kungekuwa rahisi, na kungekuwa uongo. Alijipenyeza kati ya watu mpaka mlangoni, chini ya kasuku na mapera, akasimama pale anapoonekana na waliomo ndani na aliye nje.

"Haijaisha," alisema.

Rosember akainamisha kichwa.

"Haijaisha, na mimi nikiwa hai sidhani kama itaisha. Ule ukuta umepinda. Dirisha limekaa upande. Jikoni hamna vigae. Basi nataka tuishi humo humo haijaisha, mimi na wewe. Kama bado unataka."

Mwanamume yule, ambaye majoka ya moto huyachora bila kufikiri, aliinuka kitini kwa kusitasita. Alishika nguzo ya baraza.

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo, Fundi. Ingia. Ila ufute viatu, nimepiga deki."

Rosember akaanza kufuta viatu. Alivifuta huku machozi yanamtoka, mguu wa kulia, wa kushoto, akarudia wa kulia, kwa bidii kubwa hivyo hata Etilvia akachoka kumngoja, akaanzisha wimbo Rosember akiwa bado mlangoni.